Wenzi wa Kaimosi: Historia ya Kanisa la Friends Magharibi mwa Kenya, 1902 hadi leo

Agosti 17, 2027, Kanisa la Friends litatimiza miaka 125 tangu Wamarekani watatu wapige kambi Kaimosi. Kaimosi leo imo katika Kaunti ya Vihiga, lakini hadi 1990 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kakamega. Ni katika wilaya hiyo ya zamani, kuanzia Maragoli na Tiriki hadi Isukha, Idakho na Kabras, ndimo kanisa hili lilimoota mizizi kabla ya kuvuka Mto Nzoia kwenda kwa Wabukusu.

Vijitabu vya maadhimisho hupenda kumtaja mwasisi mmoja mmoja, kila mtu na picha yake. Historia ya Kaimosi haikubali kusimuliwa hivyo. Kazi ya hapa ilifanywa na watu wawili wawili, watatu watatu, na hata nyufa zilipotokea, zilianzia baina ya watu waliokuwa wameketi pamoja.

Msomaji asiye wa kanisa hili na afahamu jambo moja kabla hatujaendelea. Marafiki, ambao wengine huwaita Wakwekeri, hawabatizi kwa maji wala hawana Meza ya Bwana ya mkate na divai. Wana wahubiri na wachungaji, lakini mkutano wao huongozwa na karani, na desturi yao ni kwamba uamuzi haupigiwi kura: watu husikilizana mpaka karani aione nia ya mkutano na kuiandika. Mpango wa namna hii husimama kwa uvumilivu wa watu kuliko kwa vyeo vyao, na msomaji ataona faida yake na gharama yake katika kurasa hizi.

1895–1901: Mskoti aliyetangulia

Chimbuko la Kaimosi ni kaburi lililoko Ukambani. Peter Cameron Scott alizaliwa Glasgow, Uskoti, mwaka wa 1867. Akiwa bado kijana mdogo alihamia Philadelphia, Marekani, pamoja na wazazi wake. Alikwenda Kongo kwanza, akamzika huko ndugu yake John, akarudi akiwa mgonjwa. Oktoba 1895 alitua Mombasa akiongoza kundi la kwanza la Africa Inland Mission. Miongoni mwa waliokuwa naye alikuwemo kijana Mkwekeri aliyeitwa Willis Hotchkiss.

Scott hakuishi hata miezi kumi na tano. Alifariki Nzaui mnamo Desemba 1896, akiwa na umri wa miaka 29. Wenzake wengine walikufa au wakarudi kwao, na ikafika siku Hotchkiss akawa peke yake. Aliporejea Marekani alikuwa amejifunza kwa uchungu kwamba misheni inayongoja kila kitu kutoka ng'ambo, dawa, chakula na fedha, hufa pamoja na watu wake. Alitaka misheni ya kazi za mikono, yenye shamba lake, mbao zake na matofali yake, itakayowafundisha vijana ufundi na kujilisha yenyewe. Hayo aliyahubiri kwenye mikutano ya Marafiki, na mwaka wa 1901 akayaandika katika kitabu, *Sketches from the Dark Continent*. Jina la kitabu leo linakera, nasi hatuna haja ya kulitetea. Wazo la kazi za mikono, hata hivyo, lilikuwa zuri.

1902–1905: Watatu wa Cleveland

Mjini Cleveland, jimbo la Ohio, kulikuwa na shule ya Biblia iliyoanzishwa mwaka wa 1892 na mume na mke, Walter na Emma Malone. Katika shule hiyo ndiko kulikofungwa urafiki wa watu watatu: Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole. Waliunda Friends Africa Industrial Mission, na Aprili 1902 wakapanda meli kutoka New York.

Mwezi huohuo wa Aprili, Waingereza walikuwa wameuhamisha mpaka. Nchi yote ya magharibi, iliyohesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda, iliingizwa katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Reli nayo ilikuwa imefika Kisumu, wakati ule ikiitwa Port Florence, mnamo Desemba 1901. Kama wangekuja mwaka mmoja mapema wangetembea kwa miguu sehemu ya mwisho ya njia hadi ziwani. Sasa walishuka garimoshi, wakapanda milima ya Nyang'ori kwa miguu, wakafika Kaimosi Agosti 17, 1902.

Walichokipenda Kaimosi ni maji. Mto hushuka hapo kwenye maporomoko, na pembeni yake kulikuwa na msitu mkubwa, ndugu wa Msitu wa Kakamega tunaoujua. Maji ya kuendeshea msumeno na miti ya kupasua vilikuwa mahali pamoja. Ardhi pia ilionekana kama haina wenyewe. Kwa kweli ilikuwa mpaka wa Watiriki na Wanandi, na watu walikaa mbali nayo kwa sababu ya vita. Vita hivyo havikutulia mpaka Waingereza walipomuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, Oktoba 1905, na kuwahamisha Wanandi kwa nguvu. Kuuita mpaka wa jamii mbili ardhi tupu ni kosa lililofanywa na wageni wengi wa enzi ile, na Marafiki hawakuepukana nalo.

Watatu hao walifaana kwa kuwa hawakufanana. Hotchkiss alikuwa msemaji na mwenye maono. Hole alishika hesabu na mipango. Chilson alikuwa fundi, mtu wa chuma na mbao, ingawa baadaye ndiye aliyekuja kuwatikisa watu kwa mahubiri. Mwaka wa 1903 akaja daktari, Elisha Blackburn, na huduma ya tiba ikaanza. Hospitali ya Kaimosi inahesabu ukoo wake kutoka kwake.

Hotchkiss hakukaa. Moyo wake ulikuwa wa kuanzisha, na kufikia 1905 alikuwa ameanza misheni nyingine kwa Wakipsigis, Lumbwa Industrial Mission. Mwenye wazo aliondoka, waliobaki wakalibeba. Sioni sababu ya kumlaumu: Kaimosi ilihitaji mtu wa kuiota na watu wa kuijenga, na si lazima wawe walewale.

1904–1926: Meza ya Vihiga

Hapa ndipo penye kiini cha historia hii, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Mwaka wa 1904 walifika Emory Rees na mkewe Deborah. Tofauti na wenzao, hawa walikuwa wamewahi kufanya kazi Afrika Kusini, na Rees alikuwa na sikio la lugha za Kibantu. Mnamo 1906 walihamia Vihiga, katikati ya Wamaragoli, mbali na msumeno na karibu na watu. Rees aliona mapema kwamba mbao hazitamfikisha mtu kwenye maandiko. Akaanza kujifunza Luragoli, na kujifunza lugha ambayo haijaandikwa hakufanyiki bila mwenye lugha.

Mwenye lugha alikuwa Joel Litu. Alimjia Rees akiwa kijana wa kusoma, akageuka kuwa msaidizi, kisha mwenzi wa kazi. Kwa miaka mingi watu hawa wawili waliketi meza moja, aya kwa aya. Mmoja alisoma maana, mwingine akaipima kwa sikio la nyumbani: Je, mzee wa Maragoli angeyasema hivi? Mahali pengine neno lilikuwepo ila lilibeba mambo ya matambiko, mahali pengine halikuwepo kabisa. Katika meza hiyo Mzungu ndiye aliyekuwa mwanafunzi, na sidhani kama palikuwa na mahali pengine katika wilaya nzima, mahakamani, bomani au shambani, ambapo Mwafrika alimsahihisha Mzungu kila siku na Mzungu akashukuru. Agano Jipya la Luragoli lilitoka mwaka wa 1925. Mwaka uliofuata Rees na mkewe waliondoka wasirudi. Litu aliendelea na kazi, na Biblia nzima ikatoka mwaka wa 1951, robo karne baada ya rafiki yake kwenda.

Kwa hiyo tunapouliza nani alitafsiri Biblia ya Luragoli, jibu la haki lina majina mawili, na la Litu ndilo lililobaki mezani muda mrefu zaidi.

Kulikuwa na wenzi wengine. Daudi Lung'aho alikuwa miongoni mwa waumini wa kwanza Kaimosi. Yohana Amugune wa Maragoli aliitoa shule nje ya ua wa misheni na kuipeleka vijijini, kuelekea Chavakali. Mkewe, Rasoah Mutua, na wake wa waumini wenzake waliwakusanya wanawake na kuwafundisha kusoma. Walikula vyakula ambavyo mila iliwakataza wanawake, kama kuku na mayai, wakavumilia maneno. Mtu anayesema kanisa lilienezwa na wamisionari na ahesabu: wazungu walikuwa wachache, vijiji vilikuwa vingi. Walimu wa vijijini, waliolipwa kidogo au wasilipwe kabisa, ndio waliofika.

Vituo viliongezeka. Lirhanda ilifunguliwa kwa Waisukha, Malava kwa Wakabras, na Jefferson Ford akaenda Lugulu kwa Wabukusu mwaka wa 1914. Tangu 1911 usimamizi wa misheni yote ulikuwa umechukuliwa na bodi ya Marafiki wa Marekani. Jambo moja lilileta manung'uniko ambayo hayajaisha kabisa: Luragoli ya Vihiga ndiyo iliyofanywa lugha ya vitabu kwa wote. Mwisukha aliisoma akiwa ameuma meno, na Mbukusu hakuona kwa nini amsikie Mungu kwa matamshi ya Maragoli. Meza ya watu wawili ilizaa kitabu kizuri, lakini wengine hawakuwa wamealikwa mezani.

Majirani

Wakati huohuo nchi ilikuwa inajaa wamisionari. Mapadre wa Mill Hill walikuwa Mumias tangu 1904 na Mukumu tangu 1906. Misheni ya Kima, Bunyore, iliyokuja kuwa Church of God, ilianza 1905. Waanglikana wa C.M.S. chini ya John Jamieson Willis walifungua Maseno mwaka wa 1906, kisha Butere mwaka wa 1912. Waprotestanti waliafikiana kugawana maeneo wasikanyagane, na ndiyo sababu hadi leo unaweza kukisia dhehebu la mtu wa magharibi kwa kumuuliza kijiji chake.

Willis aliutaka umoja wa ndani zaidi. Mwaka wa 1912 alifanywa Askofu wa Uganda, na Juni 1913 alikuwa mstari wa mbele katika mkutano wa wamisionari uliofanyika Kikuyu, kwenye kituo cha Kanisa la Uskoti. Mkutano ulifungwa kwa ibada ya ushirika ndani ya kanisa la Waskoti: askofu wa Kianglikana, Peel wa Mombasa, akaongoza Meza, na Mskoti Norman Maclean akahubiri. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliposikia aliwashtaki maaskofu wenzake kwa uzushi, na kesi ikafika kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Marafiki, ambao hawana meza ya kugombania, waliweza kuutazama ugomvi ule wakiwa kando. Ni mojawapo ya mara chache ambapo kukosa sakramenti kuliwapunguzia kazi.

1927: Ufa

Ugomvi wao wenyewe ulikuja mwaka wa 1927, na ulimhusu yule wa mwisho wa watatu, Arthur Chilson. Baada ya robo karne Kaimosi, fundi yule alihubiri juu ya Roho Mtakatifu kwa nguvu ambayo watu hawakuwa wameizoea. Watu waliungama dhambi hadharani, wakalia, wakanena kwa lugha. Chilson aliona ni baraka. Wamisionari wenzake, na wazee wengi wa kanisa, waliona ni fujo inayovunja utulivu wa ibada. Chilson alipoondoka kwenda likizo mwaka huohuo, waliobaki walipiga marufuku mikutano ile.

Waliokatazwa hawakukubali kunyamaza. Kutoka kwao yalizaliwa makanisa ya Roho, likiwemo African Church of the Holy Spirit, ambalo Jakobo Buluku alikuwa miongoni mwa viongozi wake wa mwanzo na ambalo lina makao yake Kakamega. Hadi leo waumini wa makanisa hayo huonekana Jumapili barabarani, kanzu nyeupe na msalaba mwekundu. Chilson hakurudi Kaimosi. Mwaka wa 1934 yeye na mkewe Edna walianza misheni ya Marafiki Kibimba, Burundi, na huko alifariki mwaka wa 1939.

Hukumu yangu ni hii: marufuku ilikuwa ya haraka mno. Kanisa lililojivunia kusikilizana lilikosa kuwasikiliza watu wake mwaka ule, na walioamua hawakuwa waliokuwa wakilia. Wengi wa waliofukuzwa walikuwa Waafrika waliompata Mungu bila kuomba ruhusa ya bodi. Baadaye Elijah Masinde, aliyekuwa Rafiki wa Ubukusu, naye alitengwa na kanisa kwa sababu ya ndoa ya wake wengi, akaanzisha Dini ya Msambwa, iliyowasumbua Waingereza kuliko dini yoyote ya magharibi.

1931–1946: Dhahabu na Mkutano wa Mwaka

Mwaka wa 1931 dhahabu ilipatikana Kakamega, na wachimbaji wa kizungu wakamiminika. Rosterman ikawa mgodi mkubwa, ukafanya kazi hadi 1952. Desemba 1932 serikali ilibadilisha sheria ya ardhi za Waafrika ili iweze kutwaa ardhi yenye dhahabu bila kumpa mwenyewe ardhi nyingine. Sheria yenyewe ilikuwa imetungwa miaka miwili tu kabla, na tayari ahadi zake zilikuwa zimevunjwa. Mwanglikana Archdeacon Owen aliipinga waziwazi. Vijana waliosoma shule za Marafiki walikwenda mbali zaidi: katika miaka ya 1930 waliunda North Kavirondo Central Association, na majina kama Andrea Jumba, John Adala na Erasto Ligalaba yakajulikana bomani. Misheni iliwafundisha kusoma Luragoli. Wao wakaandika malalamiko kwa Kiingereza.

Kanisani nako Waafrika walidai sauti katika mambo yao. Mwaka wa 1946 ulianzishwa Mkutano wa Mwaka wa Afrika Mashariki, yaani chombo cha kanisa cha kujiongoza, Benjamin Ngaira akiwa karani wake wa kwanza. Ilichukua miaka 44 tangu hema la Kaimosi. Mwaka uliofuata, 1947, Marafiki wa Uingereza na Marekani walipewa Tuzo ya Amani ya Nobel kwa kazi yao ya misaada. Heshima hiyo iliwastahili. Lakini kwa Kaimosi mwaka wa maana ni 1946.

Baada ya 1946, kwa ufupi

Shule ziliongezeka: Kamusinga mwaka wa 1957, na Chavakali mwaka wa 1959, iliyokuwa sekondari ya kutwa ya mfano wakati ambapo serikali iliamini sekondari ya Mwafrika lazima iwe ya bweni. Chuo cha theolojia kilichoanza miaka ya 1940 kipo Kaimosi, pamoja na chuo cha ualimu na hospitali. Baada ya Uhuru mali ya misheni iliingia mikononi mwa Mkutano wa Mwaka, ambao Thomas Lung'aho, mwana wa Daudi, aliutumikia kama katibu. Mwaka wa 1991 Chavakali ilikuwa mojawapo ya vituo vitatu vya Mkutano wa Dunia wa Marafiki, pamoja na Elspeet, Uholanzi, na Tela, Honduras. Mwaka wa 2022 chuo kikuu cha Kaimosi kilipewa hati yake kamili.

Kugawanyika pia kuliongezeka. Wabukusu walijitenga mwaka wa 1973 na kuunda mkutano wao wa Elgon, na katika miaka iliyofuata mikutano mingine ya mwaka ilizaliwa, ikiwemo ya Nairobi na Kakamega. Ukabila ulichangia, na mali pia. Hata hivyo hakuna nchi duniani yenye Marafiki wengi kuliko Kenya.

Mwishoni mwa Januari 2008, nchi ikiwaka moto baada ya uchaguzi, viongozi wa mikutano hii iliyogombana walikutana mjini Kakamega kwa mkutano wa amani. Waliwaandikia wanasiasa, na kutoka hapo vikundi vya amani vya kanisa vikaenda kambi za wakimbizi kugawa chakula na kusikiliza. Watu ambao hawakuwa wamekaa pamoja kwa miaka walikaa pamoja. Katika karne ya pili ya kanisa hili sijaona kazi iliyokuwa ya Kirafiki kuliko hiyo.

Jedwali la miaka

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1895 | Hotchkiss afika Mombasa na kundi la Peter Cameron Scott |
| 1902 | Hotchkiss, Chilson na Hole wafika Kaimosi, Agosti 17 |
| 1903 | Daktari Elisha Blackburn aanza tiba |
| 1906 | Emory na Deborah Rees wahamia Vihiga |
| 1911 | Bodi ya Marafiki wa Marekani yachukua usimamizi |
| 1914 | Kituo cha Lugulu |
| 1925 | Agano Jipya la Luragoli |
| 1927 | Uamsho wa Kaimosi na mgawanyiko |
| 1946 | Mkutano wa Mwaka wa Afrika Mashariki |
| 1951 | Biblia nzima ya Luragoli |
| 1973 | Wabukusu waunda mkutano wao wa Elgon |
| 1991 | Mkutano wa Dunia, Chavakali |
| 2008 | Mkutano wa amani, Kakamega |
| 2022 | Chuo kikuu cha Kaimosi chapewa hati |

Barua za wamisionari zimehifadhiwa vizuri Marekani. Za walimu wa vijijini zimo katika masanduku ya bati, chini ya vitanda vya wajukuu wao. Kama nyumbani kwenu kuna daftari la mkutano wa mwezi, picha ya darasa, au Agano la mwaka wa 1925 lenye jina la mwenyewe, tafadhali usilitupe wala usilifungie. Lipeleke kwa karani wa mkutano wenu likanakiliwe kabla ya Agosti 2027.